Msimkate Kinjeketile ulimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na jinsi inavyokatwakatwa siku hizi inapopandishwa jukwaani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Songea. Tamthiliya hii nimeifundisha darasani na kuiongoza na wanafunzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Jambo hili linanigusa na siwezi kulinyamazia.

Hivi karibuni nilialikwa kwenye onyesho la vijana. Walikuwa hodari, hilo nalisema kwanza. Ngoma zilipigwa zikapigika, maleba yalishonwa kwa uangalifu, na binti aliyecheza Bi. Kitunda alikuwa na sauti ya kumfanya mtu wa kiti cha nyuma ainue kichwa. Lakini onyesho liliishia pale yanapogawiwa maji, ile dawa iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi. Kinjeketile kasimama juu, wapiganaji wamemzunguka, mikuki hewani, wimbo ukaimbwa, taa zikazimwa, watu wakapiga makofi. Vita havikuonekana. Gereza halikuonekana. Shaka inayomtafuna Kinjeketile ilifutwa yote, na yale maneno yake juu ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, hayakusikika hata mara moja.

Nilimfuata mwongozaji nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu: "Mama, tulitaka watoto waone shujaa. Tukiwaonyesha maji yameshindwa, wataondoka wakidhani babu zetu walikuwa wajinga."

Simtaji kijana huyo wala kikundi chake, kwa sababu hayuko peke yake. Nimeyasikia hayo hayo kwa walimu wenzangu, na hofu yao naielewa. Vita vya Maji Maji vimesimuliwa kwa kejeli tangu siku za Mjerumani: Waafrika waliodhani risasi zitageuka maji. Mtu aliyechoshwa na kejeli hiyo anatamani kuifunika kabisa. Ila Hussein hakuifunika. Aliichukua kama ilivyo akaiweka katikati ya jukwaa, akamfanya shujaa mwenyewe aulize swali gumu kabla adui hajaliuliza. Huo ndio ukubwa wa tamthiliya hii, na ndio tunaoutupa tunapoigeuza kuwa ngonjera ya kusifu.

Tuanze na mtu wa historia. Kinjikitile Ngwale, ambaye Hussein alimwandika Kinjeketile, aliishi Ngarambe, upande wa Rufiji. Mwaka 1904 habari zilienea kwamba amepagawa na pepo Hongo. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa miaka ya 1960 yanasema alivutwa hadi kwenye kidimbwi akazama. Waliojua kuogelea wakapiga mbizi wasimwone, ndugu wakakesha wakijua amekufa, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua dawa. Walikuwa na sababu ya kumiminika. Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imewalazimisha kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, siku 28 kwa mwaka kwa mujibu wa karatasi na nyingi zaidi kwa mujibu wa kiboko, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Juu yake kodi. Juu ya kodi, akida na askari.

Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba. Kinjikitile alikuwa amewaambia wasubiri. Wao subira ilikuwa imewaishia. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Mohoro. Wakati huo vita vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Shambulio la Mahenge, ambapo bunduki za rasharasha ziliwafyeka Wapogoro na Wambunga, lilikuja mwishoni mwa mwezi huo. Vita vikaendelea hadi 1907. Kwa hiyo yule Kinjikitile aliyeleta maji hakuishi kuona maji yakijaribiwa kwa ukubwa wake wote.

Hapo ndipo Hussein alipofanya kazi ya mtunzi. Katika dibaji yake anatuonya kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu na tusimchukue kuwa ndiye yule wa historia, ingawa wanafanana kwa matendo. Na jambo kubwa alilobuni ni kumwacha hai. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi ashuhudie watu waliomwamini wakianguka. Anabaki na maiti na swali. Mwongozaji anayekatisha onyesho kwenye kugawa maji anamrudisha mhusika katika kifo cha mapema ambacho mtunzi alimwokoa nacho kwa makusudi. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu sidhani kama kijana wetu alilijua.

Sasa nije kwenye Seyyid Said, maana hapa ndipo mkasi unapopita kwa haraka zaidi. Katika tamthiliya, Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa bado katika hali ya kupagawa, anawatangazia watu kwamba watakuwa huru, watakuwa wamoja, nao watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia. Baadaye akili inamrudia, anayakumbuka maneno aliyoyatamka kwa kinywa chake mwenyewe, na mwili unamsisimka. Watoto wa Seyyid Said, maana yake nini? Tumtoe Mjerumani ili tumwingize Sultani? Anaanza kuhisi kwamba Hongo amemchezea.

Hussein hakulitoa jina hilo hewani. Limo hata katika masimulizi ya wazee. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya Maji Maji, lakini kusini jina lake lilikuwa bado linatembea. Watu wa huku waliteremshwa kwa minyororo hadi Kilwa Kivinje na kuvushwa Unguja. Kwa mtu wa Rufiji au Umatumbi wa mwaka 1904, utawala wa pwani haukuwa hadithi ya mbali, na wapo waliouona ulikuwa na nafuu kuliko wa Mjerumani, wapo walioukumbuka kwa makovu. Hussein, mtu wa pwani ya kusini, alichapisha tamthiliya hii mwaka 1969, miaka mitano baada ya Mapinduzi ya Zanzibar na miwili baada ya Azimio la Arusha. Nchi nzima ilikuwa inaulizana: tukishamwondoa bwana, nani anakaa kwenye kiti chake? Yeye akalitia swali hilo kinywani mwa mganga wa Rufiji. Katika tamthiliya zetu sijaona tena shujaa anayesita hivyo katikati ya ushindi wake akawaulizia watu wake hatima ya uhuru wao. Wengi hufa wakipiga kelele tu.

Ukiondoa hofu hiyo, kinachobaki ni Mwafrika dhidi ya Mzungu, na mchezo wa namna hiyo kila mtoto anaumaliza kichwani kabla pazia halijafunguliwa. Ukiibakiza, mtoto anaondoka na kazi ya kufanya nyumbani. Dhuluma ina sura nyingi, nyingine hazina ngozi nyeupe wala kofia ya chuma, na Kinjeketile aliiona ya pili akiwa bado anapigana na ya kwanza.

Yupo pia Kitunda, na huyu hunisikitisha anavyopunguzwa hadi kuwa mpiga mbiu. Kitunda ndiye mtu wa mipango. Kabla ya maji, ndiye anayehangaika kuwapatanisha watu wa makabila mbalimbali wasioaminiana, kila mmoja akimhofia mwenzake kuwa atamsaliti. Hussein aliwaita baadhi ya wahusika kwa makabila yao tu: Mkichi, Mmatumbi, Mngindo na wengine. Wanafunzi huona jambo hilo kuwa la ajabu mwanzoni, kisha wanaelewa kwamba mgogoro wenyewe uko hapo. Sisi wa Songea tusijifanye hatujui. Wangoni waliwavamia majirani zao miaka mingi, Wangindo wakiwemo. Bado mwaka 1905 maji yalivuka mipaka hiyo, na Mngindo akaleta dawa kwa Wangoni, nao wakaipokea. Mipango ya Kitunda peke yake isingefika huko. Kitunda anaijua nguvu ya maji ya kuunganisha, anaujua pia udhaifu wake mbele ya risasi, na Kinjeketile anapomfunulia mashaka yake wote wawili wanajikuta katika mtego ule ule: ukisema kweli umoja unavunjika, ukinyamaza watu wanakwenda kufa. Nimewahi kuona walimu wanalipitia onyesho hilo kwa dakika tano, wakaandika ubaoni "dhamira: umoja ni nguvu", wakafuta ubao.

Nitaeleza ya mazoezi, kwa sababu ndiko nilikojifunza tamthiliya hii kuliko kwenye vitabu vya mwongozo.

Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana mpole aliyecheza Kinjeketile na mwenzake mbishi aliyecheza Kitunda. Tulifanyia mazoezi bwaloni baada ya chakula cha jioni, meza zimesukumwa ukutani, gereza tumelichora sakafuni kwa chaki. Katika onyesho hilo la mwisho wote wawili wamekamatwa, Kinjeketile ameteswa, na ofisa wa Kijerumani anamtaka jambo moja tu: atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye anamsihi aseme, maana ni kweli. Kinjeketile anakataa.

Yule mbishi aliweka kitabu chini. "Mwalimu, mimi hapa sielewi. Yeye mwenyewe ameshajua maji hayafanyi kazi. Kwa nini asiseme tu ukweli? Si anadanganya huyu?"

Nikawaambia waendelee bila kunitazama, wajibizane wenyewe kwa wenyewe, kitabu pembeni. Mpole alikaa kimya muda mrefu ndani ya mstari wa chaki. Kisha akamwambia mwenzake: "Nikisema maji ni uongo, yule hatasikia maji. Atasikia kwamba tulikosea kukataa pamba. Atakwenda kuwaambia watoto wetu kwamba babu yao mwenyewe amekiri."

Bwalo lilitulia. Mpishi aliyekuwa anafunga madirisha aliacha kufunga. Yule mbishi hakukubali, akaleta hoja nyingine, na nyingine, na walibishana hadi kengele ya kulala ikagongwa. Ninavyokumbuka, hakukubali hata siku ya onyesho lenyewe, na ndiyo maana onyesho lilikuwa na moto: Kitunda wetu alikuwa anamshawishi rafiki yake kwa moyo wake wote, na watazamaji walikuwa nusu upande wake. Mwongozaji yeyote akiniuliza namna ya kuigiza gereza, nitamwambia mtafutie Kinjeketile Kitunda ambaye kweli anataka kushinda.

Kile mvulana alichokisema kwa maneno yake kiko karibu sana na alichokiandika Hussein. Mapema katika tamthiliya, Kinjeketile analia kwamba mtu huzaa neno, neno likakua, likawa kubwa kuliko mtu aliyelizaa, likamwangusha. Gerezani analigeukia neno lile lile na kuliona kwa upande wa pili: limezaliwa, halirudi tumboni, watoto watawasimulia watoto wao, na iko siku litaacha kuwa ndoto. Huwezi kumpa mtazamaji nusu ya kwanza ukamnyima ya pili. Wala huwezi kumpa ya pili peke yake, maana haina uzito bila ya kwanza. Mtu aliyejua kwamba amekosea, aliyehesabu waliokufa kwa ajili ya neno lake, ambaye kusema neno moja kungempa nafuu ya mateso, na bado akakataa kumkabidhi mtesi neno hilo: huyo ni shujaa kwangu kuliko yule wa mikuki hewani. Na watoto wanauona ushujaa wake. Nimekaa nao; hawajawahi kuniambia babu zetu walikuwa wajinga. Wanachouliza ni wangefanya nini wao.

Niseme na haya ya hapa kwetu. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka viongozi na wapiganaji walionyongwa hapa mwaka 1906. Baada ya kunyonga, Wajerumani walichoma maghala na mashamba, wakaacha njaa iue waliobaki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani hadi 250,000 na zaidi kwa hesabu za wanahistoria waliofuata, na wengi wao waliuawa na njaa. Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika hapa Songea, akainama mbele ya makaburi na kuomba msamaha. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, bado unadai fuvu la mzee wao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Yote hayo yanatokea, na ile tamthiliya ambayo gerezani mwake mtu anasema wajukuu watayasikia haya, wajukuu wenyewe wanaletewa bila gereza.

Wenzetu Waswisi wana Wilhelm Tell, mwindaji anayelazimishwa na liwali Gessler kulenga tufaha juu ya kichwa cha mwanawe. Tamthiliya iliandikwa na Friedrich Schiller mwaka 1804, Mjerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Uswisi, na huko Interlaken wenyeji wamekuwa wakiiigiza uwanjani tangu mwaka 1912, kwa farasi na ng'ombe wa kweli. Nguvu yake ilijulikana hata kwa wadhalimu: mwaka 1941 Hitler aliamuru isiigizwe wala isifundishwe shuleni. Sisi tamthiliya yetu imeandikwa na mtu wa kwetu, kwa lugha yetu, juu ya watu ambao wajukuu zao wako hai Kipatimu, Mohoro, Mahenge na hapa Songea. Haijapigwa marufuku na yeyote. Tunaikata wenyewe.

Najua ugumu uliopo. Nakala za kitabu ni adimu, na shule nyingi watoto wanasoma muhtasari wa vijitabu vya maswali na majibu bila kukiona kitabu chenyewe. Muda wa onyesho kwenye hafla hutolewa nusu saa kati ya hotuba na hotuba. Nusu saa haitoshi Kinjeketile mzima, nakubali. Basi ichaguliwe sehemu inayobeba mzigo. Kama ni lazima kupunguza, punguzeni ngoma, punguzeni gwaride la mikuki, lakini bakizeni mazungumzo ya wale wanawake wawili mwanzoni, Bi. Kitunda na Bi. Kinjeketile, wanaposemezana juu ya njaa, kwa sababu pale ndipo dhuluma inapoonekana jikoni kabla haijaonekana shambani. Bakizeni kutoka mtoni na maneno juu ya Seyyid Said. Bakizeni shaka. Bakizeni gereza lote, neno kwa neno, bila wimbo juu yake.

Kwa wachapishaji ombi langu ni kitabu kirudi madukani kwa bei ambayo shule ya kata inaweza kuimudu. Kwa wenzetu wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, wenye jukwaa na wenye vijana waliofunzwa, naomba Kinjeketile kamili aigizwe kwenu, kisha aletwe kusini, Kilwa, Rufiji, Mahenge na Songea, ambako wazee wenye masimulizi ya wazazi wao wanazidi kupungua. Na kwa waandaaji wa kumbukumbu ya tarehe 27 Februari, tengeni saa mbili, jioni, hotuba zikishakwisha.

Yule kijana mwongozaji nimekwisha kumwambia, na nalirudia hapa kwa yeyote mwingine: nipo Songea, nina nafasi, na nipo tayari kuja kwenye mazoezi kukaa na Kinjeketile na Kitunda wenu hadi onyesho la gereza likae sawa. Chaki nitakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Songea, Ruvuma